Nukta Namba 208

Kwenye ramani ni duara tupu,
halikujazwa wino, dogo kama punje ya ufuta.
Nililichora mimi, ofisi ya madini, Mbeya,
mwezi wa saba, vidole vikiuma kwa baridi
na Loleza umejifunika ukungu mpaka kidevuni.
Kanuni ilibandikwa ukutani:
mgodi, sululu mbili zilizopishana;
mgodi uliokufa, sululu hizohizo kichwa chini;
dalili tu ya dhahabu, duara tupu.
Iwolelo ilipata duara.

Chini ya duara lile kuna kilima kizima,
miombo, makaburi sita, ulezi wa mama,
na shimo la choo alilochimba kaka Ambindwile,
akagonga jiwe jeupe futi ya tano,
akalitukana, akahamia upande wa pili.

Jiwe jeupe lile ndilo habari yenyewe.
Mjiolojia Nzunda alinieleza siku ya mshahara,
akichora nyuma ya pakiti ya sigara:
zamani, kabla ya mfupa, kabla ya jani,
mwamba mmoja ulivutwa huku, mwingine kule,
katikati pakasagika kama ulezi juu ya kijaa.
Kwenye ufa yakapanda maji ya moto
yamebeba chumvi, salfa, na kitu cha njano kisichoonekana.
Yalipopoa yakatua mzigo,
kama mpagazi aliyechoka,
asiyeuliza furushi ni la nani.
"Tatizo la kwenu," akasema, akiwasha ya mwisho,
"mpagazi alikuwa na furushi dogo."

Faili lenyewe jembamba.
Ukurasa wa kwanza umechapwa kwa mashine
ambayo herufi a imevunjika mguu:
Bwana Haldorf alipanda na kijito, karai kwa karai,
akihesabu chembe mchangani,
na pale chembe zilipokoma akageuka, akachimba mtaro.
Miezi minne. Wakia mbili na robo.
Aliondoka usiku, na deni la sukari dukani.
Vibarua, yasema karatasi, 14.
Majina hayamo.
Babu yangu Sikitu ni mmoja katika tarakimu ile,
sijui ni kwenye moja au kwenye nne.

Ukurasa wa tisa, bendera imeshabadilika:
udongo ndani ya vifuko vya kitambaa, mia tatu na kitu,
safari ya maabara, majibu baada ya mwaka.
Ukurasa wa kumi na mbili, mashine ya kuchoronga.
Tundu la kwanza, nukta nne ya gramu kwa tani.
La pili, kokoto na maji.
La tatu, mita moja tu, gramu kumi na moja!
Walichinja mbuzi. Mama aliwapikia.
Tundu la nne lilisogezwa hatua ishirini,
na mshipa haukuwepo,
umekatika kama mazungumzo mgeni anapoingia.
Hitimisho: haistahili kuendelezwa.

Lakini mvua za kwanza zikinyesha,
dada Tulizo huinama kwenye mfereji wa Haldorf,
kanga kiunoni, karai la bati mkononi,
anazungusha, anamwaga, anazungusha.
Pointi mbili. Siku njema, tatu.
Dalali wa Makongolosi hupima kwa kijiti cha kiberiti
na huchagua kijiti kinene.
Hata hivyo daftari limenunuliwa,
na viatu, kimoja kimoja, kana kwamba mtoto ana mguu mmoja.
Hayo sikuyaona kwenye faili.

Jioni moja ofisi ilipobaki yangu
nilizamisha kalamu nikalijaza duara.
Sikuchora sululu. Nililijaza tu.
Asubuhi Mzee Mwaikasu, mkuu wa wachoraji,
hakuuliza ni nani.
Alitoa wembe, akakwangua, akapuliza vumbi la wino,
akachora upya duara tupu, safi kuliko langu.

Ila karatasi ilikonda pale.
Ukiishika mbele ya dirisha la mashariki
mwanga hupita Iwolelo kwanza,
kabla ya Chunya, kabla ya Saza,
kabla ya migodi yote yenye sululu.